TAHADHARI: Muuzaji wa “mapumziko ya wawili, mmoja apige mbizi, mwingine apumzike” huko Unguja

Ndugu wasomaji, naandika tahadhari hii nikiwa na jumbe za miamala na ratiba niliyotumiwa mbele yangu, kwa sababu mtu aliyetuuzia safari ya siku nne ya Unguja mwezi Februari bado anaendelea kuuza safari hiyohiyo kwa watu wengine. Simtaji jina, kwani hadi sasa ametumia majina matatu na sina hakika kama hata moja ni lake. Nitaeleza jinsi anavyofanya kazi, maana hilo halibadilishi.

Mimi napiga mbizi, na nina cheti kinachoniruhusu kushuka hadi mita 30. (Sijiiti mzamiaji, kwa sababu hapa Dar es Salaam ukijiita hivyo watu wanadhani ulijificha melini ukaenda Ulaya bila tiketi.) Mume wangu ni mtu wa Marangu. Bahari anaipenda akiwa amekaa kando yake, au akiwa amesimama kwenye maji yanayomfika kifuani, na zaidi ya hapo haendi. Ugumu wa safari zetu ni ule ule kila mara: boti za mbizi huondoka saa mbili asubuhi na kurudi saa saba au saa nane mchana, na katika saa hizo mtu asiyepiga mbizi anahitaji mahali panapomfaa, asijione kama mlinzi wa mizigo ya mwenzake. Tangazo la muuzaji huyu kwenye Instagram lilitugusa hapo hapo. Liliahidi hoteli ya ufukweni Nungwi, mbizi mbili kwa siku kwenye miamba ya kisiwa kidogo cha Mnemba, na kwa asiyepiga mbizi “bahari mlangoni kutwa nzima”, vyote kwa shilingi 2,400,000 kwa watu wawili.

Tulipohamia WhatsApp nilimhoji kwa muda mrefu, na hapa ndipo ninapotaka wenzangu wanaopiga mbizi wasome kwa makini. Niliuliza ukubwa wa mitungi ya hewa, aina ya regulata (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi mdomoni), idadi ya watu kwa kila mwalimu, mkondo wa maji upande wa mashariki wa Mnemba, na kila swali lilijibiwa bila kusitasita, kwa maneno ya mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye boti. Mume wangu alikuwa na swali moja tu, kwamba yeye atakuwa wapi na atafanya nini hadi saa saba, na jibu alilopewa lilikuwa, “Shem atakula raha, dada, usijali.” Nilimwambia mume wangu asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimeshamwamini mtu yule kwa sababu ya mitungi, na mambo yote ambayo hayakuhusu mitungi nikayapitisha bila kuyakagua.

Alitaka asilimia 60 mapema, yaani shilingi 1,440,000, akisema zimebaki nafasi mbili. Lipa namba ya kampuni, alisema, ilikuwa na hitilafu ya mtandao, hivyo nitume kwenye namba ya mhasibu. Najua mnachofikiri. Nchi nzima inaijua sentensi ya “ile pesa tuma kwenye namba hii” na tunaitania kila siku, lakini ikija baada ya wiki mbili za mazungumzo ya kistaarabu kuhusu mikondo ya bahari, haifanani kabisa na ile ya matapeli wa usiku. Kabla ya kuthibitisha, simu ilinionyesha jina la mtu binafsi ambalo halikuwa jina la kampuni wala la mtu niliyekuwa nikizungumza naye. Nilithibitisha. Picha ya leseni aliyonitumia nayo ilikuwa na jina lingine, akaeleza kwamba hiyo ni “kampuni mama”.

Siku chache baadaye ukaja mchanganuo wa “tozo za serikali”, na ndani yake bima ya dola 88 kwa watu wawili. Bima hiyo ipo kweli: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje ya nchi hutakiwa kuilipia kwa Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Sisi ni Watanzania na haituhusu. Nilipomwambia hivyo aliiondoa bila ubishi na kuomba radhi, nami nikazidi kumwamini, wakati nilipaswa kujiuliza ni wangapi kabla yangu waliilipa.

Siku tatu kabla ya safari aliandika kwamba hoteli ya Nungwi imejaa, na kwamba “ametupandisha daraja” kwa kutupatia nyumba nzima upande wa Jambiani bila nyongeza. Mtu asiyeijua Unguja ataona pwani ni pwani. Kwa wawili wa namna yetu, hiyo ni safari nyingine kabisa. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, maji hayaendi mbali yanapokupwa, na mtu anaweza kuogelea karibu wakati wowote. Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, ufuo ni tambarare na mwamba uko mbali, kwa hiyo bahari inapokupwa huondoka hasa. Isitoshe, siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa huko hufika takriban mita nne, na maji hukauka kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, yakarudi kujaa saa kumi jioni. Saa zilezile ambazo mimi ningekuwa Mnemba, mume wangu angekuwa akitazama mchanga.

Na tulifika siku ya bamvua. Nyumba yenyewe haikuwa ufukweni, bali njia ya tatu nyuma ya msikiti, na kijana aliyekuwa na ufunguo aligoma kufungua mpaka alipwe salio lote taslimu. Tulilipa nusu baada ya mabishano ya saa nzima juani. Asubuhi yake mume wangu alikwenda pwani na taulo begani, akakuta bahari imeshakuwa mstari mweupe huko mbali kwenye mwamba, na kati yake na mstari huo kina mama wakiwa wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, kazi ambayo hufanyika vizuri siku za bamvua kama zile. Alikaa nao, wakamfundisha kufunga mwani kwenye kamba, na alirudi na habari nyingi kuliko mimi. Ni mtu mwenye subira. Lakini hakuwa amelipia hilo, na jioni, maji yalipojaa, mimi ndiye niliyekuwa hoi kitandani na yeye hakutaka kuingia majini peke yake.

Nilikuwa hoi kwa sababu gari lilinichukua saa kumi na moja alfajiri, tukasafiri zaidi ya saa moja na nusu hadi pwani ya Muyuni inayotazamana na Mnemba. Hakuna aliyeniomba kadi yangu ya mbizi wala kitabu cha kumbukumbu za mbizi, na hakuna fomu ya afya niliyojaza. Niliombwa ada ya hifadhi ya bahari, ambayo ni halali kabisa lakini niliambiwa imo katika bei, nikalipa tena, na risiti sikupewa. Kwenye boti kulikuwa na wageni tisa wa kuogelea juujuu kwa snokeli na mpiga mbizi mmoja, mimi. Nilitafuta oksijeni ya dharura, haikuwapo.

Nilipofungua valvu ya mtungi nikavuta pumzi mbili kupitia regulata kabla ya kuvaa, kama nilivyofundishwa, ladha ya mafuta ilibaki ulimini, ile ya mtu aliyesimama nyuma ya bajaji bovu. Hewa ya mtungi haitakiwi kuwa na ladha wala harufu. Ikiwa nayo, ina maana kompresa, yaani mashine inayojaza hewa mtungini, ina hitilafu au mdomo wake umewekwa penye moshi wa injini, na moshi ukiingia huja na kaboni monoksidi, ambayo yenyewe huwezi kuinusa. Kwenye kina cha mita 20 unavuta hewa kwa mgandamizo mara tatu ya ule wa juu, hivyo sumu ambayo ukiwa botini ingekupa kichwa kuuma tu inaweza kukuzimisha ukiwa chini. Nilimwonyesha mwalimu, naye akanusa na kusema ni harufu ya mpira mpya. Nahodha, mzee wa makamo ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliinama karibu yangu akijifanya anapanga kamba: “Mwanangu, mimi wangu ni boti tu. Mtungi si wangu.” Nilivua mkanda wa uzito, nikakaa.

Usiku ule ndipo nilipoisoma ratiba upya kwa jicho la mtu aliyekwisha kuumwa. Mbizi mbili za mwisho zilipangwa asubuhi ya siku ya nne, na ndege yetu ya kwenda Kilimanjaro ilikuwa saa tisa alasiri siku hiyohiyo, kisha tupande mlimani kwa wakwe zangu. Baada ya kupiga mbizi zaidi ya mara moja, mtu anashauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka, na wengi husubiri siku nzima, kwa kuwa naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inaweza kutoa mapovu hewa inapopungua mgandamizo. Gari linalopanda mlima nalo huhesabika kama kuruka. Aliyeandika ratiba ile alikuwa na tarehe zangu za ndege tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndizo alizoniomba mapema kuliko kitu kingine chochote. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko pesa.

Tuliondoka Jambiani kwa gari la kukodi, tukapata chumba Kendwa na kituo cha mbizi kilichoanza kwa kunidai kadi, fomu ya afya na tarehe ya ndege, na kilichonikatalia mbizi ya siku ya mwisho bila mimi kuuliza. Mume wangu alisimama majini hadi kifuani asubuhi nzima. Sina zaidi la kusema kuhusu siku hizo mbili, zilikuwa nzuri.

Pesa hazikurudi. Kampuni ya simu ilieleza kwamba muamala hurejeshwa ikiwa fedha bado zimo kwenye akaunti ya aliyepokea, na zetu zilitolewa dakika chache baada ya kuingia. Nimetuma namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, nimetoa taarifa polisi, na nimeiandikia Kamisheni ya Utalii Zanzibar, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa watembeza wageni na ndiyo ya kuulizwa kama jina lililo kwenye leseni ni la mtu unayezungumza naye. Ningeliuliza mapema, lingechukua siku moja.

Kwa wanaopanga safari ya namna hii, mmoja baharini na mwingine ufukweni, naomba mumhoji muuzaji kwa ajili ya yule asiyepiga mbizi kwanza. Mtajieni tarehe zenu, mmuulize maji yatakupwa saa ngapi mbele ya hoteli hiyo. Mtu wa pwani hujibu hapo hapo au huhesabu mwezi kwa vidole, na huyu wetu, nikizirudia jumbe zetu, hakuwahi kulitaja jambo hilo hata mara moja. Pigieni hoteli wenyewe, kwa namba mliyoitafuta nyinyi, muulize kama jina lenu limo kwenye daftari. Hoteli ilipwe kama hoteli na kituo cha mbizi kilipwe huko huko, siku kwa siku, kwani upepo ndio unaoamua kama boti itatoka, na muuzaji anayekutoza mbizi nane kabla hujauona upepo anauza asichokuwa nacho. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha lisomeni kwa sauti, mbele ya mwenzenu. Na mkibadilishiwa sehemu baada ya kulipa, hata mkiambiwa ni daraja la juu, daini mlichonunua au pesa yenu kabla hamjapanda boti ya kuvuka, kwa sababu mkishavuka mnakuwa mikononi mwake.

Wiki iliyopita mfanyakazi mwenzangu aliniletea tangazo akitaka ushauri, kwa kuwa anajua napiga mbizi. Jina ni jipya na bei imeshuka kwa shilingi 200,000. Picha ya bembea ndani ya maji ya Nungwi ni ileile, na chini yake pameandikwa kwamba zimebaki nafasi mbili.