Nyongeza za Gemu Zinazojitegemea: Ipi Ununue, Ipi Itakutupa Katikati ya Hadithi

Malalamiko ninayoandikiwa kuhusu nyongeza za gemu za RPG, yaani gemu za kuigiza mhusika na kumkuza, yana sura moja. Mtu anasikia kwamba nyongeza fulani inajitegemea, haihitaji gemu mama, ile ya awali inayoongezewa. Analipa, anapakua usiku kucha, anaanza kucheza. Hata hajazoea vitufe, anatakiwa agawe rundo la pointi kwenye uwezo asioujua, huku mzee mmoja mwenye ndevu akimkumbatia na kumwambia hawajaonana tangu ile vita. Vita gani?

Muuzaji akisema nyongeza inajitegemea, anazungumzia mafaili tu: itafunguka bila gemu mama. Kwamba utaelewa unachokifanya, hilo hajaahidi. Kwa hiyo hapa sipangi kwa uzuri wa picha wala kwa urefu wa gemu, mambo hayo kila mtu ameshayaandika. Napanga kwa saa ya kwanza. Je, mgeni anakaribishwa, au anaachwa mlangoni wenyeji wakicheka vichekesho vyao vya zamani?

Ya kwanza kwangu ni King's Bounty: Armored Princess ya 2009, na sijifichi: mimi ni shabiki wa Katauri Interactive, studio ya Urusi iliyoitengeneza, na upendeleo huo haunitoki leo. Ilikuja mwaka mmoja baada ya King's Bounty: The Legend, na kwa hadithi ni mwendelezo wake. Lakini tazama walivyotumia akili. Binti mfalme Amelie anaiacha nchi yake iliyozingirwa na mashetani na kuvuka hadi Teana, dunia asiyoijua kabisa, akimtafuta Bill Gilbert, shujaa wa gemu ya kwanza. Yeye mwenyewe ni mgeni! Kila anayekutana naye huko ana sababu ya kumweleza mambo, na wewe unaelezwa pamoja naye bila kujiona umekalishwa darasani. Bill Gilbert humjui? Huhitaji kumjua, kazi ni kumtafuta.

Unaanzia ngazi ya kwanza, unachagua kuwa shujaa wa vita, paladini au mchawi, na unapewa joka mdogo anayekua pamoja nawe na kukusaidia vitani. Mapigano ni ya zamu kwa zamu, kwenye uwanja wa vyumba vya pembe sita, kwa hiyo una muda wa kusoma kila askari anafanya nini kabla hujamtuma kufa. Kasoro ipo. Jeshi unalinunua, na ukilipoteza kizembe, hazina inakauka. Nenda taratibu, mlinde mpiga mishale wako.

Ya pili ni Xenoblade Chronicles 2: Torna – The Golden Country, ya Monolith Soft, iliyotoka 2018 kwa mashine ya michezo ya Nintendo Switch. Matukio yake ni ya miaka 500 kabla ya Xenoblade Chronicles 2, ndiyo maana hakuna wa kukuuliza ulikuwa wapi. Mfumo wa mapigano umenyooshwa kuliko wa gemu mama, na unafunguliwa kidogo kidogo. Ingeweza hata kuwa ya kwanza, ila kuna jambo linalonikera: ukishanogewa, hadithi inasimama hadi uwasaidie wanakijiji wa kutosha na kuwaingiza kwenye orodha ya jumuiya yako. Tafuta hiki, peleka kile, rudi. Kazi hizo ni za lazima. Jambo jingine, kama unakusudia kucheza gemu mama baadaye, ujue Torna itakufichulia siri zake kadhaa. Na kama ulishanunua pasi ya nyongeza ya Xenoblade Chronicles 2 (tiketi ya kupata nyongeza zake), Torna imo humo. Usilipie katriji, ile kadi ya gemu ya kuchomeka, mara ya pili.

Ya tatu ni SpellForce 3: Fallen God ya 2020, nusu RPG, nusu gemu ya kujenga kambi na kuongoza majeshi. Unaliongoza kabila la matroli, viumbe ambao kwingine kazi yao ni kuuawa tu, na masaibu yao yanasimama yenyewe. Dada yake, Soul Harvest ya 2019, nayo inajitegemea kimafaili, lakini hadithi yake imeegemea vita vya gemu mama. Mgeni achukue matroli.

Za bei ya chini sitazikalia. Gothic 3: Forsaken Gods ya 2008 haikutengenezwa na waasisi wa Gothic, na ilitoka na hitilafu nyingi hata ikabidi litolewe toleo lililorekebishwa mwaka 2011. ArcaniA: Fall of Setarrif ni fupi mno, na inaanza pale gemu mama ilipoishia. Zote mbili hazipiti mtihani wangu, hata zikishushwa bei.

Sasa hawa wauzaji. Dragon Age: Origins – Awakening ya 2010 iliuzwa kwenye kasha lake, na mtu akiliona dukani anaamini ni gemu kamili. Inahitaji Origins. Future Redeemed ya 2023 ni ya ukoo uleule wa Torna, lakini bila Xenoblade Chronicles 3 haichezeki. Enderal wanakwambia ni ya bure, na kweli ni bure, mradi uwe na Skyrim, gemu ambayo imejengwa juu yake. Taarifa hizi hazifichwi kabisa, zinaandikwa. Ila zinaandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi, chini ya picha na sifa kemkem, wakati kitufe cha kununua kinaonekana hata na aliyesinzia. Kwa nini onyo lisikae juu ya bei? Na ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: siku za punguzo, furushi lenye gemu mama na nyongeza zake zote huweza kuuzwa chini ya bei ya nyongeza moja, na duka halikuambii. Fungua ukurasa wa furushi kwanza.

Kwa wanaonunua Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kuna nafuu. Pesa hurudishwa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, na uwe hujacheza hata saa 2. Ukiona dakika arobaini zimepita na bado hujui wewe ni nani na unampiga nani, funga, omba pesa yako. Usiache gemu ikiwa wazi ukaenda kula, saa inahesabu. Torna ni ya Switch, si ya Steam, kwa hiyo anayeitaka anunue katriji: isipomfaa, atamuuzia mwingine.