Meza ya kazi ya kubeba: ipi ununue hapa Goma, na ipi uiache dukani

Wanaonilalamikia meza zao wote wana neno moja: inayumba. Fundi wa simu wa Birere ananiambia mteja akiegemea tu kidogo, ncha ya chuma cha kulehemu inaruka na kuunguza sehemu isiyohusika. Mshonaji wa Katindo amekunja karatasi chini ya mguu mmoja, na kila jioni anaikunja upya. Kijana anayefunga milango nyumba kwa nyumba huko Keshero anakatia mbao juu ya goti, kwa kuwa meza aliyoinunua inatembea kila akivuta msumeno. Wote walinunua meza mpya, na hakuna aliyeisukuma kabla ya kulipa.

Kwa hiyo rangi sitaigusa, wala kama inakunjika na kuingia chini ya kitanda. Muuzaji atakuonyesha hayo mwenyewe bila kuulizwa. Mimi nataka tuongelee kuyumba, maana hilo hakuna anayekuonyesha.

Kuyumba kuna namna mbili. Namna ya kwanza inatoka chini. Tunaishi juu ya lava ya volkeno Nyiragongo: ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya Mei 2021 ikashuka tena upande wa kaskazini, na kuna nyua nyingi ambamo huwezi kupata hata mita moja iliyo sawa. Weka meza ya miguu minne juu ya mawe hayo: mitatu itagusa, wa nne utaning'inia. Meza ya miguu mitatu haina tatizo hilo, popote utakapoitua miguu yote inagusa. Mafiga ni matatu kwa sababu hiyohiyo, na chungu hakimwagiki.

Namna ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Miguu yote imegusa, ardhi ni sawa, lakini juu ya meza panakwenda kushoto na kulia. Hapo kosa liko kwenye kiungo, pale mguu unapokutana na ubao wa juu. Ukisukuma meza kwa upande, nguvu yote inaishia kwenye bulo (bolti) moja au kwenye visi (skrubu) nne fupi. Mti ukiwa mbichi, ukikauka unasinyaa. Tundu lililokuwa limeshika bulo barabara linapanuka na kuwa refu upande mmoja. Unakaza ekuru (nati) leo, kesho kutwa imelegea. Watu wanalaumu bulo, na kumbe mti ndio uliokimbia.

Ukienda kununua, fanya hivi. Omba meza itolewe nje, iwekwe chini, si juu ya sakafu ya duka. Jaza kikombe maji mpaka ukingoni, kiweke katikati. Sukuma kona ya meza kwa kidole kimoja, kwa upande, si kwenda chini. Maji yakitikisika mara moja na kutulia, endelea kuzungumza bei. Yakimwagika, aga. Muuzaji mmoja aliniambia, "Mama, meza ni ya kuwekea vitu, si ya kusukuma." Nikamjibu, "Papa, mimi nitapiga randa juu yake, acha niisukume hapa mbele yako." Akakunja uso, lakini alijua.

Sasa nipange ninavyozipanga.

Ya kwanza ni ile utakayoundisha mwenyewe, ya miguu mitatu inayofunguliwa na kutolewa. Muundo wake si wa kwetu. Huko Marekani wapiga shabaha wanajitengenezea nyumbani meza kama hizo za kubeba, ili bunduki itulie wanapolenga: ubao wa juu mnene, miguu mitatu iliyotanuka, na upande mmoja umekatwa ili mwili uingie karibu. Katika mji huu habari za bunduki zimetuchosha, sina haja ya kuziongeza. Lakini meza ambayo haimruhusu mtu kutetemeka hata kwa upana wa unywele ndiyo anayoitafuta fundi wa simu.

Ubao wa juu, chukua tripleksi (plaiwudi) ya milimita 18, sentimita 90 kwa 60. Ukichukua nyembamba zaidi utalazimika kuipigia mbao chini, na uzito unarudi palepale. Miguu, chukua mbao ya libuyu iliyokauka, au ya muvula (mvule) ukiipata. Kaliptusi (mkaratusi) ina nguvu sana, machukudu yetu, yale magari ya mbao ya kusukuma, ni shahidi, ila inapokauka inajipinda na kupasuka, na mguu uliojipinda unavuta kiungo. Kama ni kaliptusi tu unayoweza kulipia, inunue mapema, ipange kivulini na vijiti katikati ya mbao ili hewa ipite, kisha uwe na subira. Kanuni ya maseremala ni karibu mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Najua hakuna atakayesubiri mwaka. Basi subiri angalau mpaka kiangazi cha Juni hadi Agosti kipite.

Miguu isisimame wima. Itanue kwa nje, kiasi cha nyuzi 15 hivi, na kila mguu uufungie kipande cha mbao kinachotoka katikati yake mpaka chini ya ubao wa juu, kutokea pembetatu. Mraba unasukumika ukalala, pembetatu haisukumiki. Hapo ndipo kuyumba kunapoishia, na wengi wanaruka hatua hii kwa kuokoa kipande cha mbao cha nusu mita.

Bulo ziwe za milimita 10, zikiwa na rondeli pana (visahani vya chuma vyenye tundu) pande zote mbili ili zisile mti, na ekuru zenye masikio, zile zinazofungwa kwa vidole. Chini ya miguu pigilia kipande cha tairi kuukuu, kama lile la gurudumu la chukudu. Halitelezi juu ya jiwe lililolowa. Miguu miwili iwe upande unaokandamiza, mmoja upande wa pili. Ukikosea hapo, ukiegemea kona iliyo katikati ya miguu miwili iliyoachana, meza itapinduka. Huo ndio udhaifu wa miguu mitatu na lazima uujue. Urefu upime kwa mwili wako: ukisimama mikono ikining'inia, ubao ufike kwenye kifundo cha mkono, pale unapovaa saa. Fundi anayekaa ashushe mpaka sentimita 75.

Meza hiyo ukiivunja vipande inapanda moto (pikipiki ya abiria) pamoja na wewe, na dereva hatakuongezea nauli.

Ya pili ni Workmate ya Black & Decker, na hapa sifichi upendeleo wangu. Kati ya meza zote zilizotengenezwa kiwandani nilizozigusa, ni hiyo tu ninayoiheshimu. Aliyeibuni ni Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyechora pia gari la Lotus Elan. Alikuwa anakata mbao juu ya kiti, msumeno ukapita ukakata na kiti chenyewe, ndipo akafikiria meza inayoshika mbao. Black & Decker walimkatalia mwanzoni, kisha wakaanza kuitengeneza mwaka 1973, na wameuza mamilioni. Ubora wake ni kwamba juu pamegawanyika mara mbili na panabana mbao kwa visi mbili kubwa, kwa hiyo meza na kazi vinakuwa kitu kimoja. Ina miguu minne, ndiyo, lakini fremu yake ya chuma haichezi kwa upande.

Hapa utaikuta kwenye vitu vya okazioni, vilivyokwisha tumika, kutoka Bulaya (Ulaya), si mpya. Zungusha visi zote mbili mpaka mwisho: zikikwama au zikizunguka bila kusogeza ubao, meno yamekwisha. Tazama mbao za juu kama zimevimba kwa maji. Mbao zinabadilika kwa urahisi, fundi yeyote atakukatia nyingine. Visi hazibadiliki kwa urahisi. Na usidanganyike na zile zinazofanana nayo. Ubonyeze mguu kwa dole gumba, bati likiingia ndani, rudisha.

Ya tatu ni ya chuma, ile inayochomelewa kwa bomba za mraba. Kwa kituo kisichohama ni nzuri. Kubeba ndiko kunakoua: ukifika Ndosho kutoka mjini umeshachoka kabla ya kazi. Ukiiundisha, mwambie fundi aweke pembetatu pia, maana chuma chembamba kisicho na pembetatu kinayumba kama mti.

Za plastiki zinazokunjika katikati, na zile za mbao laini zenye bawaba ndogo zinazopangwa barabarani: za kuuzia vocha na mayai. Kazi usizifanyie.

Sasa wauzaji wa mbao. Kwa nini mbao ya mita nne ikifika nyumbani inakuwa pungufu kwa upana wa mkono? Kwa nini bei ikipanda jibu ni barabara, barabara ikifunguka bei haishuki? Na kila mbao ni "kavu kabisa, Mama, angalia mwenyewe". Basi angalia kweli. Piga mbao mbili moja kwa nyingine: kavu inalia, mbichi inatoa sauti ya kuziba. Nenda na visi moja na tournevis (bisibisi) mfukoni, izungushe mwishoni mwa mbao kisha uitoe. Visi ikitoka na unga mkavu, sawa. Ikitoka na ute uliolowa umeshika kwenye meno yake, na tundu linang'aa maji pembeni, mbao hiyo ilikuwa msituni juzi. Anayekukataza kupiga visi moja kwenye mbao unayotaka kuilipia anajua ataumbuka.

Halafu dola. Unahesabiwa mbao fupi, unapewa mbao mbichi, unanyamaza. Ukitoa noti yenye mpasuko mdogo kuliko ukucha wa mtoto, inarudishwa mbele ya watu kana kwamba umeiba. Wao wanataka noti nzima kwa mbao isiyo nzima. Mimi siku hizi napima kwa mita yangu mwenyewe, kila mbao, kabla sijafungua mkoba, na ile iliyopungua nalipia urefu uliopo. Wawili watatu wamekasirika. Wengine wamezoea, na sasa wakiniona nashuka kwenye moto wanatoa za nyuma ya rundo, zilizokaa muda mrefu.

Kwenye kenkayeri (duka la bulo na visi), chukua ekuru mbili za masikio na rondeli nne zaidi ya zile unazohitaji, na uzifunge kwa kamba chini ya ubao wa juu. Ndizo zinazopotea kwanza.