Gari inachemsha na AC inagoma foleni? Kidude hiki cha elfu 25 kimenitoa gizani

Wadau karibuni, hii ndo ile OBD ya bluetooth niliyokuwa nawatangazia, ELM327, kidude kinachosoma kompyuta ya gari na kuonyesha kwenye simu, ndogo kama kiberiti. Kuiunganisha na simu sielezi, unachomeka chini ya usukani hapa basi. Mi nina kitu kimoja tu cha kuwaonyesha, joto la kulanti, yaani yale maji maalumu ya kupozea injini.

Maana wenye Vitz na Passo mnajua, dashibodi haina mshale wa joto! Kuna taa ya bluu injini ikiwa baridi, ikishazima kinachofuata ni nyekundu, na nyekundu ikiwaka hedi gasketi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, iko roho juu tayari. Hapo katikati unaendesha tu kwa imani.

Mimi nimezungushwa miezi miwili. Foleni ya Ubungo AC inatoa joto, nikishapita Kibaha inapooza safi kabisa. Fundi wa kwanza kajaza gesi, wa pili kajaza gesi, hela yangu inaenda tu, kumbe gesi nzima! Gari ikitembea upepo unapiga kondensa wenyewe, ile rejeta ya AC kule mbele, ikisimama inategemea feni, na feni yangu ilikuwa haizunguki sababu ya rilei, yaani swichi ya umeme inayoiwasha.

Nimeirudishia ile rilei mbovu makusudi muone. Sogea na kamera. Gari iko sailensa, yaani imesimama injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, AC imewashwa, simu inasoma digrii 86... 89... 92, shika hozi ya juu ya rejeta, ya moto, thamostati, ule mlango unaoruhusu kulanti kwenda kwenye rejeta, imefungua. 95. Feni kwa AC ikiwa imewashwa ilitakiwa izunguke tangu mwanzo, sikilizeni... kimya. 97. 99, na huku ndani upepo umeshakuwa vuguvugu, yaani taa nyekundu haina habari lakini simu imeshaniambia. Nazima. Nachomeka rilei nzima, nawasha, haya, sikia huo mvumo! 98, 96, 93, na ubaridi huo unarudi. Jamani mi hii napenda, napenda sana.

Na kama ukiwa haiwei namba inaganda 65, 68, ujue kuna fundi alikutolea thamostati ili gari "isichemshe", injini haifikii joto lake na mafuta inakunywa, irudishe.

Kuna ile skana ya waya yenye skrini yake, nzuri, haisumbui kuunganika, ila bei ni mara tatu ya hii. Hii nimechukua Kariakoo 25,000, ingawa nyingine feki hata haiwaki, jaribu kabla hujalipa. Na gari za zamani za soko la Japani zingine haisomi kabisa, hapo 25,000 inaanza kuuma. Usiilaze kwenye gari, inanyonya betri.

Ila hili nisikilizeni vizuri. Maji yakiisha kabisa sensa inabaki hewani, namba inaweza kushuka wakati injini inaungua, kwa hiyo asubuhi gari ikiwa baridi fungua mfuniko wa rejeta uangalie kwa macho, ya moto usiguse, yale maji yana presha yatakubabua uso. Na weka kulanti, maji ya bomba yanaleta kutu.

Jumapili niko live saa mbili usiku, mwenye gari inayochemsha aje na namba zake, joto la sailensa, joto la haiwei, na feni inawaka kwenye ngapi, tuanzie hapo.