DuckDNS na Tailscale: natumia zote mbili kuingia vifaa vya nyumbani, na hivi ndivyo naziona

Kama umefunga kamera nyumbani au kuna kompyuta ina mafaili yako halafu wewe mwenyewe unaishi mji mwingine, kinachosumbua sio kamera, ni IP, ile namba ya anwani ya nyumba yako kwenye intaneti. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha rauta inazima, ikiwaka inapewa IP nyingine, ile uliyoiseti kwenye simu haifiki popote tena. Fundi atakwambia kalipie IP ya kudumu kila mwezi. Kabla hujatoa hela soma hapa kwanza maana mimi natumia njia mbili na zote sizilipii, DuckDNS kwa nyumba ya wazazi Tanga yenye faiba na Tailscale kwa shamba Mkuranga ambako kuna rauta ya laini ya simu tu, na zote nazipenda ila hazifanyi kazi moja na ukichukua isiyoendana na intaneti yako utahangaika bure.

Tuanze na DuckDNS. Kazi yake ni moja tu na inaifanya vizuri: inakupa jina linaloishia na duckdns.org, na hilo jina linabaki vilevile hata IP ibadilike mara ngapi. Unaingia kwa akaunti ya Google au GitHub, hamna fomu ndefu wala kadi ya benki, unapewa mpaka majina matano. Unapewa na tokeni, mstari mrefu wa herufi na namba, halafu kifaa kimoja ndani ya nyumba kinaibishia hodi seva yao kila dakika tano kikiwa na hiyo tokeni, wao wanaona kimetokea IP gani na wanaliweka jina lako hapo. Kule Tanga ni Raspberry Pi, kikompyuta kidogo kiko nyuma ya TV, mstari mmoja kwenye cron, ile ratiba ya kazi zinazojirudia zenyewe, na imeisha. Hata IP huna haja ya kuitaja, ukiacha hiyo sehemu wazi wanaisoma wenyewe. Wanajibu kwa herufi mbili tu, OK imekubali, KO imegoma, ukiona KO kaangalie tokeni au jina, kuna herufi imeruka. Na jamani hiyo tokeni msiioneshe watu, mwenye nayo anaweza kulielekeza jina lako kwenye mashine yake, na bado watu wanapiga skrinishoti wakiomba msaada iko wazi kabisa.

Rauta nyingi menyu yake ya DDNS, yaani ya huduma za majina kama haya, haina DuckDNS, utakuta No-IP na wengine wachache. No-IP ni wazuri pia ila kwa akaunti ya bure wanataka uthibitishe jina kila siku 30, mimi kwa nyumba ya wazazi nataka kitu nikiseti nisikiguse tena, ndio maana nikaenda DuckDNS. Wenye rauta za MikroTik msihangaike kabisa, huduma hii imo ndani tayari, washa IP Cloud inakupa jina refu linaloishia sn.mynetname.net.

Sasa kuna jambo watu hawaambiwi na ndilo linalowafanya waseme hizi huduma ni uongo. Jina linasaidia tu kama hiyo IP ni yako peke yako. Mitandao ya simu na hata baadhi ya faiba inawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, wenyewe wanaita CGNAT, kwa sababu IP za zamani zile za IPv4 zimeisha, na kuna fungu maalum lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, linaanzia 100.64 linaishia 100.127. Ukiwa humo DuckDNS itakujibu OK kila dakika tano, jina litaonekana zima, ukilipiga linaishia kwenye mtambo wa mtandao wako na haliingii ndani kwako hata uforwadi poti zote, yaani uiambie rauta ifungue milango yake ya kuingilia kutoka nje. Kujua ni rahisi sana: ingia kwenye ukurasa wa rauta, tafuta WAN IP, ile IP ya upande wa nje, iandike pembeni, halafu fungua tovuti yoyote inayokuonesha IP yako ulinganishe. Zikifanana uko vizuri. Zikitofautiana, au ile ya rauta inaanza na 10 au iko kwenye hilo fungu la 100, achana na DuckDNS.

Na ukifika hatua ya kujaribu, zima wifi kwenye simu utumie bando la simu. Rauta nyingi hazikubali ulipige jina lako ukiwa ndani ya nyumba hiyohiyo, mtu anaona haifungui anabomoa setingi zote kumbe kila kitu kiko sawa.

Shamba ndio hivyo, IP ya rauta ilikuwa ya lile fungu la 100, kwa hiyo kule ni Tailscale. Hii haihitaji jina wala kuforwadi poti, kila kifaa kinatoka chenyewe kwenda nje halafu vinakutanishwa huko, na mazungumzo yamefungwa kwa WireGuard, aina ya VPN, yaani njia ya siri inayofungwa kwa funguo, kutoka kifaa hadi kifaa. Simu inaiona kompyuta ya shamba kama vile ziko wifi moja. DVR, kile kisanduku kinachorekodi kamera, haiwezi kuwekewa Tailscale, hapo unaweka kwenye laptop ya zamani au Pi, unaiambia itangaze mtandao wote wa shamba, halafu unaingia kwenye akaunti yako kuidhinisha hiyo njia, hapa wengi wanakwama, wanatangaza wanasahau kuidhinisha. Bando linalika hasa ukiwa unaangalia, na ukichagua picha ya ubora wa chini inatosha kabisa kuona kama geti limefungwa na kuku wameingizwa bandani. Kasoro yake kwenye Android huwezi kuwasha VPN mbili kwa pamoja, na vifaa viwili visipoweza kuonana moja kwa moja vinapitia seva zao za kati, picha inachelewa.

Mtu atauliza mbona DVR ina apu yake ya kuskani QR na inafanya kazi popote. Ni kweli, na kama shida yako ni kamera tu tumia hiyo. Mimi nataka na mafaili, na kompyuta, na ukurasa wa rauta yenyewe ili mama akisema intaneti haipo niangalie bila kumsumbua azimezime vitu.

Ila naomba sana, DuckDNS usiitumie kufungulia poti ya DVR moja kwa moja kwenda intaneti. Tarehe 21 Oktoba 2016 kirusi cha Mirai kilikusanya kamera na DVR za majumbani zilizoachwa na paswedi za kiwandani, kikazitumia kuishambulia Dyn, hawahawa wa DynDNS waliofunga akaunti za bure Mei 2014, na Twitter, Netflix na Reddit zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye hizo kamera hata hawakujua. Kule Tanga poti iliyo wazi ni moja tu ya WireGuard, na WireGuard asiye na ufunguo haimjibu kabisa, anayeskani haoni kitu. Nyumba ikipata IP mpya wakati umeshaunganisha, zima WireGuard kwenye simu uwashe tena, maana jina inalisoma inapowaka tu.

Kwa wa Tailscale, kifaa cha kule mbali ufunguo wake unaisha baada ya siku 180 usipogusa setingi, kinadondoka na kinataka mtu aingie upya. Fungua orodha ya vifaa, kiguse hicho cha shamba, zima hiyo ya ufunguo kuisha kabla hujapanda gari kurudi mjini.