Seti ya kufungulia dashibodi: plastiki safi, funguo za bati wasiwasi

Mwenye Probox ya Japani anaijua hii kero: redio iliyokuja na gari inaishia 90. Kwa Dar, Clouds ya 88.5 unaipata bila shida, lakini EFM ya 93.7 ndiyo basi tena. Ndiyo maana nyingi zimeshabadilishwa redio, na yangu niliikuta na Kenwood ya CD. Siku hizi CD anasikiliza nani? Nikataka itoke, nifunge skrini.

Fundi wa Gerezani angeitoa chapuchapu. Tatizo langu ni bisibisi bapa. Nimeshapanda magari mengi yenye dashibodi iliyotafunwa pembeni ya redio, na alama zile hazifutiki. Nikanunua Kariakoo seti ya kufungulia, 15,000 tu: vipande vya plastiki vya bluu pamoja na rundo la funguo za chuma za kutolea redio.

Plastiki naisifia bila kubana. Ile bapa unaichomeka kwenye ufa wa chini wa fremu, unapinda kiganja taratibu, klipu zinaachia moja moja: ta, ta, ta. Hakuna mkwaruzo hata wa kutafuta kwa tochi. Ila gari likiwa la miaka mingi plastiki yake imekauka, kwa hiyo liache juani kidogo kwanza ilainike, ndipo ufungue. Na fremu ikiachia usiivute kwa pupa; chungulia kama kuna swichi yenye waya nyuma yake.

Sasa funguo. Redio ya saizi hii, upana milimita 180 na kimo 50, mara nyingi hukaa ndani ya boksi la bati ambalo meno yake yamekunjwa kushika dashibodi. Kwa Kenwood unabandua uso, unatoa ile pete ya plastiki inayozunguka, halafu unasukuma ufunguo kila upande hadi ulimi wa chuma uachie. Kwenye seti yangu mbili tu ndizo zilizoingia, na bati lake ni jepesi mno. Wa kushoto ulijikunja kabla redio haijasogea, nikaunyoosha kwa koleo na kurudia. Redio ikagoma tena, safari hii kwa sababu nyingine: kulikuwa na bolti nyuma inayoishikilia kwenye kipande cha chuma. Hiyo ni kazi ya spana namba 10, na seti haina spana. Muuzaji hakunigusia hata neno.

Ilipotoka ndiyo nikaona ya kuona. Aliyeifunga alikata soketi ya Toyota, akasokota nyaya kwa mkono na kuzizungushia tepu ambayo gundi yake imeshayeyuka kwa joto. Waya wa njano, ambao unatakiwa kuwa na umeme muda wote kutunza kumbukumbu, na mwekundu, wa kuwaka kwa swichi, kaviunga pamoja moja kwa moja kwenye betri! Kumbe ndiyo sababu redio ilikuwa inaendelea kuimba hata ufunguo wa gari ukiwa mfukoni. Kwa fujo ya namna hii hakuna seti itakayokusaidia. Chomoa kichwa hasi cha betri kabla hujagusa chochote, piga picha ya nyaya, na kama rangi huzielewi mwite fundi umeme.

Plastiki naipa nyota tano, funguo mbili. Kama unafungua dashibodi mara moja tu maishani, mpe fundi hela yake lakini nenda na plastiki zako mwenyewe, umkabidhi kabla hajashika bisibisi. Funguo zilizobaki hazifanani na redio yoyote ninayoijua, kwa hiyo mwenye redio ya zamani iliyogoma kutoka aje ajaribu bahati yake, bure.