Chupa ya chai au hotipoti: kipi cha kumpelekea anayeuguza Bugando

Anayeuguza mgonjwa pale Bugando, jijini Mwanza, uji wa moto alfajiri humfaa kuliko pole kumi. Hospitali ni ya rufaa, ya Kanda ya Ziwa nzima. Wengi wametoka Ukerewe, Geita, hata Bukoba, na ndugu anayekesha na mgonjwa hana jiko wala sufuria. Wenye moyo wa kumpelekea chochote wapo. Kinachowaangusha ni chombo: uji unafika umepoa, au umemwagikia kwenye daladala.

Chupa ya chai yenye kioo ndani ndiyo rahisi kwa bei, na kwa kutunza joto haina mpinzani wa bei yake. Ila kioo chake ni chembamba mno. Hupasuka ikianguka, na hupasuka pia ukimimina kitu kinachochemka kwenye kioo cha baridi. Tangulia na maji ya vuguvugu, zungusha, mwaga, kisha weka ya moto uifunike dakika tano kabla ya kumimina uji. Kwa kupanda kile kilima cha hospitali juu ya bodaboda, hatuishauri. Ukiitikisa ukasikia vigae vinalia, mwaga uji wote, usijaribu kuchuja.

Chupa za kubonyeza zinapendeza sebuleni. Uji unaziba mrija wake, na kuusafisha ni kazi ya nusu siku.

Tunayoipa alama za juu ni ya stili, ya lita moja, yenye mdomo mpana unaopitisha mkono au brashi. Kabla hujalipa, iwe dukani au kwa machinga wa Makoroboi pale mjini, ijaribu: jaza maji ya moto, funga, subiri dakika tano, halafu shika ubavu wake. Ukiwa na joto, imekufa hiyo, hata kama inang'aa. (Mama ntilie wa jirani hakunyimi kikombe cha maji ya moto.) Igeuze pia kichwa chini uone kama mpira wa kizibo unavuja.

Kwa lita moja, vijiko sita au saba vya chakula vya unga vinatosha. Ukoroge kwanza kwa maji baridi usije ukafanya mabuja, na ukishachemka uache uive dakika kumi na tano. Upike mwepesi kuliko unaokunywa nyumbani, maana ukikaa ndani ya chupa unazidi kuwa mzito. Sukari na maziwa viende kando: maziwa huharakisha kuchacha, na sukari si ya kila mtu. Harufu ikibaki kwenye chupa, loweka kwa maji ya moto na vijiko viwili vya siki, kisha uiache wazi ikauke.

Hotipoti ni ya mchana. Inatunza joto saa tatu, nne ikijaa; ikiwa nusu, chakula kinapoa upesi. Ugali hutoa jasho, matone yakaurudia ukawa kama umelowekwa, kwa hiyo tandika kitambaa safi chini ya mfuniko. Sato na mchuzi wake apewe chombo chake, la sivyo plastiki itanuka samaki hadi mwakani.

Kasoro ya vyombo hivi vyote vizuri ni moja: vinadaiwa. Mtu ambaye mgonjwa wake yuko chumba cha upasuaji hapaswi kuwaza hotipoti ya watu iko wapi. Kwa usiyemjua, tumia kopo la plastiki gumu lenye mfuniko, mwambie ni lake. Akiwa jirani, andika jina lako na namba ya wodi kwenye utepe chini ya chombo, ukifuate mwenyewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo beba kikapu. Chupa nayo hukaa wima ndani yake.

Chakula hicho ni cha anayeuguza. Mgonjwa asionjeshwe mpaka nesi aulizwe, kwani anaweza kuwa amefungishwa kwa ajili ya upasuaji, au ana kisukari, au chumvi imekatazwa. Na ndani ya kikapu usisahau kikombe, kijiko na kipande cha sabuni. Bila kikombe, uji wa moto wa lita nzima haunyweki.