Mepolizumab au benralizumab: ipi inazifikia seli changa?

Pumu ya eosinofili, yaani ile inayochochewa na seli nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, haianzii kifuani pekee. Mzizi wa seli hizo uko kwenye uboho wa mifupa, ambako seli changa huchochewa na protini iitwayo intalukini-5 hadi zikawa eosinofili. Baadhi husafiri zikiwa bado changa na kupevukia kwenye njia za hewa zenyewe.

Mepolizumab, dawa ya pumu hii iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, huinasa intalukini-5 kabla haijaifikia seli. Ni kama kuinyima chakula: seli changa zinabaki, ila nyingi hazikomai. Sindano ni miligramu 100 kila wiki 4.

Benralizumab, dawa nyingine iliyoidhinishwa mwaka 2017, ni kali zaidi. Hung'ang'ania kipokezi cha intalukini-5 juu ya seli, kisha huziita seli za kinga zenye kazi ya kuua. Kwa kuwa kipokezi hicho hujitokeza mapema, hata seli changa zilizokwisha kushika njia ya eosinofili hazisalimiki. Baada ya dozi tatu za mwanzo, sindano huwa kila wiki 8. Afueni kwa anayeishi mbali na kliniki.

Mgonjwa asipopata nafuu, mimi ningepima makohozi pia. Damu yaweza kuonekana safi huku njia za hewa zikizalisha eosinofili zake.